Tuendeshe baiskeli wapi?
Mgonjwa wangu mmoja ana presha ya juu. Nilimshauri aendeshe baiskeli dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mazoezi ya wastani. “Wapi, daktari? Barabara kuu ya Nairobi, nikimbizane na malori?” Sikuwa na jibu.

Nilimtajia Hell's Gate, Naivasha, mbuga iliyotengwa mwaka 1984. Huko baiskeli huruhusiwa, njia ni ya changarawe, hakuna matatu. Utapishana na punda milia na twiga (nyati pia wapo, tahadhari). Lakini dawa ya kila wiki haifuatwi mbali hivyo na kulipiwa langoni!

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Tufungiwe magari barabara moja tu, Jumapili asubuhi, hadi saa nne.