Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Swali: "Utalii pekee hauwezi kuokoa msitu na wanyama wake." Andika makala ya maoni ukiunga mkono au kupinga kauli hii.

Watetezi wa utalii husema kwamba tembo aliye hai ana faida kubwa kuliko pembe zake. Nakubaliana nao. Hata hivyo, naunga mkono kauli hii, kwa sababu msitu unaotegemea fedha za wageni peke yake hauna ulinzi wa kudumu.

Tuchukue mfano wa Hifadhi ya Dzanga-Sangha, iliyoanzishwa mwaka 1990 kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katikati ya msitu wa mvua pana uwanda wazi uitwao Dzanga Bai. Tembo wa msituni, ambao kwa kawaida hufichwa na miti, huja hapo kwa makumi kufuata maji yenye chumvichumvi. Wapo pia magorila.

Ni kweli kwamba utalii huleta ajira. Gorila wa mwituni humkimbia binadamu, na kumzoesha huchukua miaka. Kazi hiyo huwategemea wanajamii wa Waaka, wenyeji wa msitu, wanaotambua alikopita mnyama kwa kuona unyayo au jani lililovunjika. Ujuzi waliorithi kwa wazee wao umekuwa mshahara.

Lakini mshahara huo hukatika mara moja amani inapotoweka. Machi 2013 waasi wa Seleka waliuteka mji mkuu, Bangui. Andrea Turkalo, mtafiti aliyewachunguza tembo wa Dzanga kwa zaidi ya miaka 20, alilazimika kukimbia. Mwezi Mei watu wenye silaha waliingia Dzanga Bai na kuua tembo 26. Tembo jike wa msituni huzaa mara ya kwanza akiwa na zaidi ya miaka 20, kisha hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena. Hasara ya siku chache huchukua miongo kufidiwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga mipaka, na utalii ukasimama tena duniani kote.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuongeza watalii. Hoja hiyo haina mashiko. Gorila huambukizwa mafua na maradhi mengine ya binadamu, kwa hiyo vikundi vya wageni sharti viwe vidogo. Isitoshe, hifadhi iko mamia ya kilomita kutoka Bangui, na barabara ni mbaya. Wageni wa huko watakuwa wachache daima.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa maoni yangu, mishahara ya askari wa wanyamapori itoke katika fungu lisilopungua wageni wanapopungua. Waaka nao wahakikishiwe haki ya kuwinda kwa wavu na kurina asali katika maeneo yao, na watoto wao wasomeshwe ili wawe wasimamizi wa hifadhi, si waonyesha njia tu. Mtu aliye na chakula na sauti katika msitu wake ataulinda hata mwaka ambao hakuna mgeni aliyebisha hodi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asingoje mgeni ndipo apone.