Mvueni mtoto viatu kwanza, alafu tuongee

Wasee, leo hakuna mechi wala nyirinyiri. Leo ni viatu vya mtoto wa miaka miwili na nusu, na najua nusu yenu mtapita. Piteni tu. Lakini kama kwenu kuna mtoi ameanza nasari mwaka huu, na kwa hii Garissa sijui ni nyumba gani haina, kaa hapa dakika tano.

Dadangu ana kijana mmoja. Mimi ni abti yake, yaani mjomba, na kwa vile kwetu abti humwita mpwa wake pia abti, tunaitana hivyo siku nzima kama marafiki wa rika moja. Mama yake yuko kwa duka la dawa mpaka saa kumi, baba yake huwa safari za Wajir, kwa hivyo kumpeleka nasari na kumrudisha ni kazi yangu. Ndio, mimi ndiye yule jamaa mnayemwona kwa bajaj amebeba begi dogo lenye picha ya twiga. Chekeni mkimaliza turudi.

Wiki ya pili ya bebi klasi nilimkuta ameketi kwa ngazi ya darasa, miguu yote miwili ameinua juu kama mtu aliyeambiwa sakafu ina stima. Nikamshika mkono, akakataa kusimama. Nikambeba. Tulipofika nyumbani nikamvua viatu: vyeusi, ngozi ngumu, vya kamba, na soksi nyeupe mpaka magotini. Soksi ya kulia ikakataa kutoka. Ilikuwa imeshikana na kidonda kwa kisigino. Ayeeyo akaleta maji ya uvuguvugu, tukalowesha pole pole mpaka ikaachilia. Mtoto hakulia sana. Alisema tu maneno mawili: "Kabo maya." Kabo ni viatu, maya ni hapana. Kesho yake asubuhi nilipotoa vile viatu, alijificha nyuma ya pazia, vidole vya miguu vikionekana huku chini.

Sasa wacha niseme ukweli, kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulinunua saizi mbili juu, "atakua ndani yake," alafu tukajaza tishu huku mbele. Kiatu kikubwa hakimngojei mtoto akue. Mguu unateleza mbele na nyuma kila hatua, na kisigino ndicho kinacholipa. Hilo nimekubali.

Lakini kosa la pili si letu. Karatasi ya nasari ilisema viatu vyeusi vya kufunika na soksi nyeupe, na mwalimu anakagua mlangoni. Sawa. Ila huyu mtoto anaingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa sita na nusu, na karibu muda huo wote yuko ndani! Anakaa kwa mkeka. Anapanga vikombe vya plastiki. Analala, manze, analala na viatu miguuni. Uwanja wanatoka labda nusu saa. Kwa hivyo tunanunua kiatu cha kutembea barabarani kwa mtu ambaye kazi yake ya siku ni kuchuchumaa, kutambaa, kupanda kiti na kuanguka kutoka kwa kiti.

Alafu kuna joto. Fikiria hii yunifomu ilikofaa. Limuru, kule kwa mashamba ya chai na kiwanda cha Bata, ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni. Kiatu cha kufunika na soksi ndefu, huko naelewa. Garissa tuko kama mita 150 hivi, kando ya Tana, na Februari na Machi joto linapita nyuzi 36 bila kuuliza mtu, chini ya mabati. Mguu wa mtoto unatoa jasho, soksi inalowa, ngozi inalainika, alafu ngozi iliyolainika inasuguliwa na ngozi ya ng'ombe iliyokauka. Hicho ndicho kidonda. Hakuna siri hapo.

Na mguu wenyewe si mguu wetu mdogo. Kwa umri huo sehemu kubwa ya kile kitakachokuwa mfupa bado ni gegedu, kitu laini kama kile kilicho ndani ya sikio lako. Ndio maana kiatu kibaya hakimuumi sana mwanzoni: mguu unakubali kukunjwa. Wayo wake unaonekana bapa ju kuna mafuta chini yake, na ule upinde wa katikati hujengeka pole pole miaka ya utotoni, misuli ikifanya kazi. Misuli inafanya kazi vidole vikishika sakafu. Mwaka wa 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha utafiti wa watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13. Kati ya waliozoea viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Wasiovaa viatu, asilimia 2.8. Na viatu vya kufunika vidole ndivyo vilivyokuwa na hesabu mbaya kuliko sandali na slipa. Hao watoto ni wakubwa kuliko abti wangu, najua, na India si Bulla Iftin. Lakini hao pia ni watu wa jua, kwa hivyo mimi nawasikiliza kuliko tangazo la viatu.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi tayari tunajua hili jambo. Hakuna mtu hapa anaingia kwa nyumba ya mtu na viatu. Duksi, viatu mlangoni. Msikiti, viatu mlangoni. Mtoto huyo huyo jioni anasoma duksi miguu tupu, amekunja magoti, vidole vinapumua, na hakuna anayesema amekosa adabu. Asubuhi kwa nasari, mita mia mbili kutoka hapo, miguu tupu imegeuka kuwa utovu wa nidhamu. Japani, nchi ambayo hakuna anayeiita maskini, watoto huvua viatu vya nje wakiingia shuleni na kuvaa vyepesi vya ndani, vinaitwa uwabaki. Wao wameweka hadi rafu za kuvipanga. Sisi tuna mlango na tuna mazoea, tumekosa rafu tu.

Nilipomwambia dadangu hivi, alinyamaza kwanza. Alafu akasema, "Abowe, unataka watu waone mtoto wangu hana viatu?"

Hapo nilikosa jibu, wallahi. Kwa sababu yeye alisoma peku mpaka darasa la tatu. Mimi nimezaliwa nyuma, nikapata viatu vyake vilivyochakaa, lakini vilikuwa viatu. Anakumbuka mchanga wa saa sita, venye walikuwa wanakimbia kutoka kivuli cha mti mmoja mpaka kingine, wakisimama kwa mguu mmoja wapoe. Anakumbuka ni nani aliyemcheka. Ile elfu moja na mia nane aliyotoa kwa vile viatu vyeusi hakununua kiatu cha mtoto. Alijinunulia mwenyewe, kwa miaka ishirini iliyopita. Na mimi na vidio zangu nakuja kumwambia vinamuumiza mtoto.

Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni mada ndogo, mwambie bado hajaongea na mama yoyote. Wamama wengi wa hii mji wanalipia heshima, na karatasi ya nasari inajua hivyo. Ndiyo maana naona si haki kumlaumu mzazi. Mwenye kuandika ile karatasi ndiye anaweza kubadilisha, ju kama nasari nzima inavua viatu mlangoni, hakuna mtoto anayeonekana hana. Wote wako sawa kwa mkeka.

Najua mtasema miiba. Hiyo ni kweli kabisa. Mathenge ilipandwa Bura na Hola miaka ya 1980 tukiambiwa italeta kivuli na kuni, sasa imefika kila mahali, na mwiba wake unapita slipa mpaka kwa mfupa. (Watu wa Baringo walifika mahakamani kushtaki serikali kwa sababu ya huo mti, wakaleta na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Mbuzi ndiye shahidi wangu ninayempenda kuliko wote Kenya.) Kwa hivyo nje, mtoto avae kiatu chenye soli ya maana. Sibishani. Mimi naongea juu ya ndani, mahali palipofagiwa. Na kama darasa lina miiba ndani, basi shida si kiatu.

Nge pia nimewaskia. Viatu vikiachwa mlangoni nge anaweza kuingia kivulini. Dawa ni ile ya ayeeyo: kipige chini mara mbili kabla ya kuvaa. Mtoto wa miaka miwili anafundishika hivyo kwa siku moja, tena anafurahia kwa sababu ni kupigapiga vitu. Choo, weka slipa nne tano za saizi tofauti mlangoni, kama msikitini. Maliza.

Sasa kama miguu tupu imekataliwa kabisa, au sakafu ni taili inayoteleza, nenda utafute kiatu cha ndani. Na tafadhali usimpeleke na soksi peke yake kwa taili. Hiyo ni kuteleza bila barafu. Nilizunguka Soko Mugdi alasiri nzima, na sikwenda na mtoto, nilienda na mguu wake. Yaani nilimsimamisha juu ya katoni, asimame kabisa kwa sababu mguu hutanuka ukibeba uzito, nikachora kwa penseli miguu yote miwili, nikakata. Nikaongeza upana wa kidole gumba changu mbele ya kidole kirefu. Kile kipande cha katoni unakiingiza kwa kiatu. Kikikunjika, kiatu ni kidogo, muuzaji aseme asemavyo. Kikicheza huku na huku, ni kikubwa. Nenda alasiri, siyo asubuhi, maana kufikia saa hizo mguu umevimba kidogo, hata wako.

Muuzaji wa kwanza alinipa kimoja kina taa zinazowaka. Nikakikunja kwa mikono miwili, hakikukunjika. "Walaal, huyu ni mtoto, si fundi wa mjengo." Tukacheka, akatoa vingine. Unachotaka ni kitu kinachokunjika pale vidole vinapoanzia bila wewe kukaza meno, soli nyembamba yenye mistari ya kushika sakafu, mbele pana ili vidole visilaliane, na kamba ya nyuma ya kushika kisigino. Slipa ya kawaida ya kuingiza tu haifai. Mtoto mdogo anakunja vidole kuishikilia, anatembea kama bata. Vile vya plastiki tupu, wazee wetu walivaa sandak na watawaambia venye zilichoma jua likiwaka. Mtumba ni sawa pia, lakini geuza uangalie soli: ikiwa imelika upande mmoja, umenunua mwendo wa mtoto mwingine.

Nilipata sandali za kitambaa, za kubandika, mia tatu hamsini. Ayeeyo akakata stika ya ngamia katikati, kichwa kwa kiatu kimoja, mkia kwa kingine. Ngamia akikamilika, kushoto na kulia viko sawa. Mtoto aliielewa siku hiyo hiyo. Nimeweka kengele kwa simu, kila miezi miwili nachora katoni upya, kwa sababu miguu ya umri huu haiombi ruhusa.

Alafu nikaenda kuongea na mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, hadi nilikuwa na ile Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 kwa simu, inayosema elimu ya kabla ya msingi na vituo vya kulea watoto ni kazi ya kaunti. Mstari mmoja tu kutoka kaunti ungetosha: ndani ya darasa, viatu vyepesi au bila viatu. Sikufika hapo. Mwalimu aliangalia kisigino cha mtoto, akakaa chini kwa kiti kidogo cha darasa, akavua kiatu chake mwenyewe, cheusi, cha kufunika. Alikuwa na plasta mbili.

Akasema hawezi kubadilisha sheria, mwenye nasari yuko Nairobi. Lakini ndani ya darasa lake, mlango ukifungwa, yeye ndiye mwenyewe.

Sasa kuna katoni ya sabuni nyuma ya huo mlango, na viatu ishirini na kitu ndani yake. Dadangu hajafurahi, hajakataa. Vile vyeusi bado anavipaka rangi kila Jumapili usiku na mtoto anaenda navyo mpaka mlangoni, na kipande cha pamba kisiginoni. Jana nilimrudisha nyumbani na kichwa cha ngamia mguu wa kulia, na kwa mguu wa kushoto, samaki. Mwenye mkia wangu kama unasoma hii, tupatane kesho saa moja na nusu hapo mlangoni.