Kagera ipange bei yake kabla mgeni hajabisha hodi

Muuza barafu wa Bukoba anayewategemea wavuvi, na mwenzake wa Kamachumu mwenye mashine ya kukoboa kahawa, wanajua hesabu moja: umeme ukikatika, faida imekwenda. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulinunuliwa Uganda. Ndiyo maana habari za vituo vya data, yaani majengo yaliyojaa kompyuta za kutunza taarifa za mabenki na makampuni ya simu, zinawahusu kuliko wanavyodhani. Kompyuta hizo hazilali, na hupozwa usiku na mchana.

Itakumbukwa kwamba Mei 2024 Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha namna hiyo Olkaria, Kenya, kwa dola bilioni 1. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa ya megawati 100. Msomaji alinganishe: mtambo mzima wa maporomoko ya Rusumo, kule Ngara, ni wa megawati 80, na hizo wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Fungu la Tanzania halifiki 27. Nchini Ireland, mwaka 2023, vituo hivyo vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopita kwenye mita, kuzidi nyumba zote za mijini.

Wenyeji wa Olkaria walikwishaonja ugeni wa miradi mikubwa. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa umeme wa mvuke wa Olkaria IV. Zililalamika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na makubaliano yakapatikana kwa usuluhishi. Tatizo ni kwamba zilipatana baada ya kuhama, zikiwa hazina tena cha kushikilia mkononi.

Muleba nako wapo wanaoelewa. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga linapita Missenyi, Bukoba na Muleba, na wenye vibanja hawajasahau muda uliopita kati ya tathmini na malipo. Fidia ya mgomba hulipwa mara moja, ilhali mgomba wenyewe ungelisha wajukuu.

Hata hivyo wanakijiji si wanyonge. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 haliondolewi kijijini mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Kituo cha data kwa kawaida hakihitaji hata robo ya hapo. Basi masharti yawekwe mezani mapema: umeme wa mgeni utokane na mtambo mpya, maji ya kupozea yalipiwe kwa mita, na ushuru wa huduma uingie halmashauri ya Muleba au Bukoba, si Dar es Salaam.

Pa kuanzia ni mradi uliopangwa wa Kakono, Mto Kagera, wa megawati 87.8. Wenye viwanda vya samaki na kahawa waulize sasa ni nani atakuwa wa kwanza kwenye foleni ya umeme huo.