Sabufa Mwachie Mwenye Ukumbi
Kijana wa Kilangala akipata kompyuta yake ya kwanza, safari inayofuata ni ya Lindi mjini kutafuta spika, na dukani jicho hukimbilia sabufa kubwa yenye taa za rangi na maandishi ya "wati 5,000 PMPO". Namba hiyo ipuuze. PMPO ni nguvu ya kufumba na kufumbua, tena kila kiwanda huipima kijuujuu kwa namna yake. Wewe uliza RMS, yaani nguvu ambayo spika huitoa mfululizo. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10, ambamo umekaa mezani na spika ziko mbele yako, wati 5 hadi 10 RMS zinatosha na chenji inabaki. Zile za kuchomeka USB peke yake ni nafuu na hazitaki soketi ya ukutani, lakini tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa wati 2.5 tu, kwa hiyo usizidai ngoma ya harusi. Kabla ya kulipa, chomeka simu yako, cheza wimbo unaoujua vizuri, pandisha sauti hadi karibu na mwisho. Zikikwaruza, zirudishe rafuni. Zungusha swichi ya sauti taratibu: ikikoroma leo, kesho itakata upande mmoja. Nyumbani usizibane kwenye pembe, maana pembe ya ukuta huvimbisha besi. Zielekeze usawa wa masikio. Chumba cha kupanga kina jirani upande wa pili, naye alfajiri anawahi shamba.