Mkubwa wa Kazi si Mwenye Mali



Mtu akipandishwa cheo kazini, habari hufika nyumbani kabla yake mwenyewe. Majirani huja kumpongeza, ndugu wa mbali hukumbuka njia ya kwake, nao wazee husema: «Sasa mtoto wetu amepata.» Amepata nini? Hilo ndilo ulizo letu la juma hili. Wengi hudhani amepata kiti, gari, na ruhusa ya kupaza sauti. Sisi twataka kuonyesha kwamba amepata mzigo: amewekewa mikononi kazi ya watu wengine na mali isiyo yake.

Tukisema «mkubwa wa kazi» hatusemi direkta wa kampani peke yake. Twasema pia kapita wa kikosi mgodini, mganga mkuu wa hospitali, mkubwa wa shule, mtunza depo, na mama msimamizi wa wauguzi. Kila mtu ambaye wenzake hawawezi kufanya kazi yao vema kama yeye hakufanya yake, huyo ndiye tunayemsema.

Farasi aliyevunjika mguu

Huko Commentry, nchini Ufaransa, palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Katika mwaka wa 1861 alifanya kazi hapo enjinia kijana jina lake Henri Fayol, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 20. Siku moja ya mwezi wa Mei farasi aliyekuwa akifanya kazi chini ya shimo alivunjika mguu. Fayol akaandika karatasi ya kuomba farasi mwingine. Mtunza zizi akaikataa, kwa kuwa haikuwa na sahihi ya direkta. Direkta hakuwapo siku ile, wala hakumweka mtu wa kushika nafasi yake. Fayol akamsihi sana, lakini yule mtunza zizi akashikilia amri aliyopewa. Farasi hakutolewa, na kazi ya sehemu ile ya shimo ikapotea.

Tulifikiri jambo hili. Wachimbaji walikuwapo. Makaa yalikuwapo. Mtunza zizi hakuwa mvivu wala mwizi, alikuwa anatii. Kilichokosekana ni mtu mwenye ruhusa ya kuamua. Direkta alikuwa amesafiri na mamlaka yake mfukoni. Je, kwetu hatuyaoni hayo? Ofisi ngapi husimama kwa kuwa muhuri umefungiwa katika kabati la mkubwa, naye yuko safarini? Wagonjwa wangapi hungoja dawa zilizomo nyuma ya mlango ambao ufunguo wake umekwenda na mtu mmoja?

Fayol hakusahau farasi yule. Mwaka wa 1888 alifanywa direkta mkuu wa kampani ile ile, wakati ilipokuwa karibu kuanguka, akaiongoza mpaka mwaka wa 1918, akaiacha imara. Mwaka wa 1916 alitoa maandishi yake, akaeleza kwamba kuongoza kazi ni ufundi wenye kanuni, nao hufundishika kama ufundi mwingine wowote. Akautaja kwa mambo matano.

La kwanza ni kutazamia mbele. Chanjo za watoto, kwa mfano, nyingi hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Mkubwa wa zahanati asiyejua leo kama friji itapata moto wa umeme, petroli au jua juma lijalo, anangoja kutupa chanjo na kuwafukuza akina mama waliotembea tangu alfajiri.

La pili ni kupanga: kuweka kila mtu mahali pake, na chombo chake mkononi. La tatu ni kuagiza, yaani kusema wazi lipi lifanywe, na nani, na lini. Amri isiyoeleweka si kosa la aliyeisikia tu. Tena mtu mmoja asipewe amri na wakubwa wawili katika kazi moja. Wahenga walikwisha kusema: nahodha wengi, chombo huenda mrama.

La nne ni kupatanisha kazi za watu, kusudi wa depo wasivute huku na wa usafiri wasivute kule. La tano ni kukagua. Kukagua si kuvizia watu ili kuwaaibisha. Ni kutazama kama kilichopangwa kimetendeka, na kama hakikutendeka, kujua sababu mapema, wakati bado pana nafasi ya kutengeneza.

Shauri la Yetro

Fayol aliandika hayo kwa ajili ya makampani na serikali, lakini Maandiko Matakatifu yalitangulia kutuonyesha jambo hilo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa aliketi toka asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, peke yake. Yetro, baba mkwe wake, alipoona hayo hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba namna hiyo si njema, kwani atajichosha yeye, tena atawachosha na watu. Akampa shauri achague watu hodari, wenye kumcha Mungu na kuchukia rushwa, awaweke juu ya maelfu, juu ya mamia, juu ya hamsini na juu ya kumi. Mashauri makubwa yamfikie Musa; madogo wayaamue wao.

Basi mkubwa anayetaka kila karatasi ipite kwake asijidanganye kwamba anafanya kazi sana. Huenda anawazuia wengine kufanya yao. Na tuangalie tena: Yetro hakusema Musa achague watu wa ukoo wake.

Tumtazame pia Yosefu katika Misri. Katika miaka saba ya mavuno mengi alikusanya sehemu ya tano ya nafaka, akaiweka akiba katika miji. Ghala zote zilikuwa chini ya neno lake, lakini nafaka haikuwa yake, naye alilijua hilo. Njaa ilipofika, ghala zikafunguliwa, watu wakaishi.

Tulionyeshwa kiti, hatukuonyeshwa kazi

Wengine watasema: «Mbona kwetu wakubwa wengi wameharibu?» Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, katika migodi ya Katanga ya Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka wa 1906, Mwafrika aliweza kuwa kapita au karani. Lakini kiti cha enjinia na cha direkta kilikuwa cha Mzungu. Amri ilishuka toka juu. Malalamiko ya chini hayakuwa na njia ya kupanda. Katika Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Wakajibiwa kwa risasi, na watu wengi wakafa. Baba zetu waliona mamlaka ya namna hiyo kila siku. Waliona nyumba kubwa ya direkta, na gari lake, na ukali wake. Hawakuingizwa katika chumba ambamo alipiga hesabu za mwaka ujao.

Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu, kilifunguliwa mwaka wa 1954 tu. Ndiyo maana uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, waliokuwa wamemaliza masomo makubwa walikuwa wachache mno.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba magazini, mashamba makubwa na biashara nyingi za wageni zitatiwa mikononi mwa wananchi. Kutaka mali ya nchi iwe ya wananchi si kosa. Lakini wengi waliopewa walikuwa watu wa siasa na rafiki zao, wala hawakuwa wamejifunza kazi hiyo. Wakauza vitu vilivyokuwamo, wakatumia fedha, lakini hawakuagiza vingine. Kwa muda mfupi makabati ya magazini yakabaki wazi, bei zikapanda, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Mwaka wa 1976 serikali ikawarudishia wageni biashara nyingi.

Hapo kosa lilikuwa la hesabu na la roho pia. Tufanye mfano. Mtu amenunua mfuko wa sukari kwa franka 100, akauuza kwa franka 120. Faida yake ni 20, na humo mtatoka kodi ya nyumba na mshahara wa mtumishi. Zile 100 si za kula. Ni mfuko wa sukari wa kesho. Mwenye kula 120 hakula faida. Amekula magazini yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Gécamines nayo, iliyoshika nafasi ya Union Minière baada ya serikali kuitwaa mwaka wa 1967, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Katika mwaka wa 1994 haikufika tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: fedha zake zilichotwa na watawala, mashini zilikosa vipuri, sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka mwaka wa 1990, na ghasia za miaka iliyofuata zikawafukuza wafanyakazi hodari. Lakini katika sababu hizo kuna ile ya magazini: waliowekwa juu walikula kilichopaswa kununua cha kesho. Na walioumia kwanza si wao. Ni baba aliyekaa miezi bila mshahara, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa fedha za shule.

Neno kwa jamaa

Sasa tunageuka kwa jamaa, kwa maana gazeti hili ni lao. Mara nyingi mkubwa wa kazi huanza kuharibika nyumbani kwake. Mjomba huja na kijana wake, ataka awekwe kazini mbele ya wenye kustahili. Shemeji ataka fedha za kilio, na mwezi bado. Mtu akijibu kwamba mali ya ofisi si yake, huitwa mwenye moyo mgumu, mtu aliyesahau kwao. Husemwa kwamba anakula peke yake. Siku moja moyo wake hulegea; huchota kidogo, huandika kazini jina la mtu asiyefanya kazi, hupokea matabishi kwa yule anayetafuta nafasi. Na siku ya kufukuzwa kwake, wale waliomsukuma hawaonekani barazani. Mkewe na watoto hubaki na aibu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Hatusemi kwamba mtu awaache ndugu zake. Kusaidia jamaa ni amri ya Mungu, tena ni uzuri wa desturi zetu. Lakini asaidie kwa mshahara wake. Mwenye kuwapa ndugu mali ya wengine hakuwapa kitu chake. Amewanyima wengine chao. Ninyi akina mama, mkiona nyumbani fedha zisizolingana na mshahara, msinyamaze. Ulizeni kwa upole, zimetoka wapi. Ulizo hilo limeokoa nyumba nyingi kuliko magari ya anasa.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuwa madirekta. Kapita wa darasa anayeandika kwa haki majina ya waliochelewa, asimfiche rafiki yake wala asimwonee adui yake, huyo ameanza kujifunza. Vivyo hivyo mtoto aliyetumwa sokoni akarudisha fedha zilizobaki, zote, na kusema bei ya kila kitu.

Tujiulize moyoni

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, aliwafundisha matajiri wasiwatumie wafanyakazi kama watumwa. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka wa 1981, alionyesha kwamba mtu hutangulia mali na mashini. Na Papa aliyechaguliwa mwaka wa 2025 alitwaa jina la Leo, akimkumbuka yule wa kwanza na shida za kazi za wakati huu wetu. Basi kila aliyewekwa juu ya kazi ajiulize jioni, kabla ya sala:

Leo, kazi ya nani ilisimama kwa sababu yangu? Je, kuna mtu anayejua la kufanya nikiugua kesho? Nilimsikiliza wa mwisho kama nilivyomsikiliza tajiri? Mshahara wa watu ulilipwa kwa siku yake? Nilichotumia leo, naweza kukiandika katika daftari mbele ya wote?

Bwana wetu Yezu Kristu alisimulia juu ya wakili aliyewekwa juu ya watumishi wenzake, ili awape chakula chao kwa wakati wake. Hakuwekwa juu yao ili ale chakula chao. Na bwana wa nyumba atarudi, siku ambayo wakili haijui, naye ataomba hesabu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya mfanyakazi mwenyewe na wajibu wake. Kwa maana hata kapita mwema hawezi kitu, kama kikosi chake chote kimelala.