"Jiajiri" si sera ya ajira

Neno moja limegeuzwa kuwa jibu la kila swali la ajira nchini Tanzania: jiajiri. Wanasiasa wanalitamka majukwaani, wahubiri madhabahuni, wajomba sebuleni. Nyuma yake imejificha imani kwamba kijana asiye na kazi anachagua, anangoja kiti cha ofisini, na kwamba siku akizinduka na kuanzisha kitu chake shida itakwisha. Imani hiyo ni potofu, tena ni ya kikatili.

Watanzania walio wengi wamejiajiri tangu zamani. Wanalima, wanavua, wanachoma mahindi stendi, wanaendesha bodaboda, wanauza mitumba. Kujiajiri peke yake kungekuwa dawa, umaskini ungekuwa umeshatuhama. Na waliouitikia wito wametendewaje? Desemba 2018 machinga walianza kugawiwa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, wakaahidiwa kwamba hawatabughudhiwa tena. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani, vibanda vikabomolewa, wakatakiwa kwenda walikopangiwa, wateja wafike au wasifike. Aliyekuwa ameweka mtaji wake wote kwenye meza moja ya viatu alianza upya bila fidia.

Ama kuhusu kuchagua kazi: mwaka 2014 zaidi ya vijana 10,000 waliitwa kwenye usaili wa Idara ya Uhamiaji katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakajitokeza waombaji zaidi ya 135,000, yaani zaidi ya 80 kwa kila nafasi. Mtu anayebagua kazi hajazi uwanja wa mpira kwa ajili ya kazi.

Wanaowalaumu vijana hawa hawajakaa chini kupiga hesabu ya kutafuta kazi. Kuna bando la kuingia kwenye mfumo wa maombi, kuna kuchapa, kuna kupeleka nakala za vyeti kwa wakili azigonge muhuri. Kisha jina likitoka, tangazo la kuitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma huja na sharti lile lile: msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Mwite kijana wa Kasulu aje Dodoma kwa usaili, halafu umwambie fursa ni sawa kwa wote. Wapo waliouza mbuzi wa nyumbani kwa ajili ya usaili mmoja, na wapo walioitwa wasiende kwa sababu nauli haikupatikana. Hao wa pili hakuna anayewahesabu. Usaili wa walimu ulipopelekwa mikoani mwaka 2025, mzigo ulipungua. Kumbe inawezekana serikali ikiamua.

Huduma zipo, ila zimewekwa mbali na wenye shida. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulianzishwa mwaka 2008 ili kumkutanisha mtafuta kazi na mwajiri. Muulize kijana wa Nachingwea au Kibondo kama amewahi kuiona ofisi yake. Sheria za mwaka 2018 zilileta fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miezi isiyopungua 18. Ni jambo jema kwa aliyewahi kuwa na mkataba wa maana. Kibarua wa kiwandani anayeachishwa kila baada ya miezi michache hafikii kigezo hicho, na mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa hana anachodai.

Watetezi wa "jiajiri" hukimbilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, na naiunga mkono. Lakini kijana sharti awe ndani ya kikundi. Fundi seremala hodari anayefanya kazi peke yake hana budi kutafuta watu wa kuandikisha naye, na akiwapata adhamini madeni ya wasiojua hata kushika randa. Ndiyo maana vikundi hewa vilizaliwa, hadi Aprili 2023 mikopo yenyewe ikasitishwa. Ilirejea mwaka 2024. Katika kipindi chote hicho walioathirika zaidi ni waaminifu.

Tunaambiwa serikali haiwezi kumwajiri kila mtu. Kweli, wala hakuna aliyeiomba hivyo. Tunachodai kinawezekana: dawati la huduma za ajira katika kila halmashauri, usaili ufanyike mkoani kwa kada zote, anayelazimika kusafiri alipwe nauli, na fao la kukosa ajira limfikie kibarua wa mikataba mifupi. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize amesimama wapi kwa kila moja ya haya. Akikujibu "jiajiri", mnyime.