Matimba ya Chunya yatoke Njombe

Mkulima wa Njombe anayemwuzia dalali shamba zima la miti kabla haijafaa kupasuliwa mbao huwa na shida mbili: ada ya shule imemfika shingoni, na hana wa kumwuzia miti midogo peke yake. Shida ya pili ina dawa, nayo iko chini ya ardhi, huko ng'ambo ya Mbeya.

Historia ya migodi ni shahidi. Mgodi wa Saza, katika eneo la dhahabu la Lupa, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Ule wa Geita ulianza 1936 ukafungwa 1966. Uchimbaji wa zama hizo ulikuwa na utaratibu wake: shimo la wima lilishushwa, kisha njia za mlalo zikachimbwa moja chini ya nyingine kufuata mwamba wenye dhahabu. Mwamba ulilipuliwa kwa baruti, mawe yakasukumwa kwa vitoroli, yakapandishwa juu na kusagwa, na dhahabu ikatolewa kwa zebaki au sayanaidi. Pale mwamba ulipokuwa dhaifu, kilichozuia paa lisiwafunike watu ni nguzo za miti. Mgodi ulikula miti kama ulivyokula baruti.

Wachimbaji wadogo wa Chunya na Songwe leo huziita nguzo hizo matimba. Wengi huzikata porini, mbichi, za unene wowote, na duara likishuka kina maisha ya watu huning'inia hapo. Mwaka 2015 huko Nyangalata, mkoani Shinyanga, wachimbaji watano waliokolewa baada ya kufukiwa kwa siku 41. Ulikuwa muujiza, na muujiza hauwekwi kwenye mpango wa biashara.

Tofauti na ubao, timba halihitaji mti mzee. Linahitaji mti ulionyooka, ulioondolewa magome, uliokauka na kutiwa dawa. Miti ya namna hiyo ndiyo mkulima anayepunguzia shamba lake huiondoa ili inayobaki inenepe. Akiiuza, anapata fedha ya katikati ya safari bila kuua shamba. Njombe ina uzoefu wa kutia dawa nguzo za umeme, na Makambako, panapokutana barabara ya Songea, barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, ni mahali pazuri pa kukusanyia mzigo.

Kuna pingamizi la haki. Mti mgumu wa miombo una nguvu kuliko msindano, na ukikatwa porini bila kibali hauna bei. Nguzo ya Njombe haiwezi kushindana na kitu cha bure. Kwa hiyo mlingoti utangulie, kwa kuwa ni mgumu zaidi, na maofisa misitu walinde miombo kwa dhati badala ya kusubiri magunia ya mkaa barabarani. Kwa upande wao, wakaguzi wa migodi waseme wazi timba la duara la kina fulani liwe na unene gani. Bila kipimo hicho, dalali ataendelea kununua kwa jicho, na mkulima ataendelea kupunjwa.

Vyama vya wakulima wa miti vianze na lori moja tu, wakati wa kiangazi, kwa mwenye leseni mmoja aliye tayari kulipa taslimu. Hesabu ya nauli kutoka Makambako hadi Chunya ifanyike kabla shoka halijaingia shambani.